Mbwa Huyu ni wa Nani?

Katika mitaa ya Arusha yenye mageti, mbwa wana zamu yao. Saa nne usiku, wenye nyumba wakishajifungia, mlinzi anafungua banda na mbwa wanauzunguka ua mpaka alfajiri. Kukipambazuka wanarudishwa bandani, wanapewa ukoko wa ugali uliochanganywa na dagaa, na mchana kutwa wanalala. Huo ndio utaratibu. Lakini kabla hawajafungiwa kuna muda ambao geti halitulii: gari linatoka, basi dogo la shule linapiga honi, muuza maziwa anagonga, kijana wa taka anaburuta viroba vyake. Kila geti likifunguka, mbwa naye anachomoka. Na huo ndio muda ninaotembea na mbwa wangu, Bobi, kwenye barabara ya vumbi inayopanda kuelekea Ilboru.

Nilikuwa bwana mifugo maisha yangu yote ya utumishi, na miaka mingi ya kazi hiyo niliitumia kuchanja mbwa mkoani Mara. Nilipostaafu nilirudi nyumbani, nikaendelea kufuga, na kila asubuhi namtembeza Bobi kwa kamba, jambo ambalo mtaani kwetu bado linawashangaza watu. Watoto wanaokwenda shule hunisimamisha: "Shikamoo babu. Kwa nini umemfunga?" Hawaulizi kwa nini wale wengine hawajafungwa, maana hiyo ndiyo hali waliyoikuta duniani.

Nataka kuwajibu watoto hao, na wazazi wao pia. Ugomvi wa majirani juu ya mbwa una umri mkubwa kuliko mageti yetu. Umepita London, Bombay, Mugumu na Pemba, na mahali ulikomalizika vizuri ulimalizika kwa njia moja: kila mbwa alipata mtu wa kumjibia.

Mtu aliyekulia kijijini anajua la kufanya mbwa wa watu wakimjia: anainama. Hana haja ya kuokota chochote. Mkono ukigusa vumbi tu, mbwa koko anasimama, anageuza ubavu, anaufyata mkia na kurudi alikotoka huku akibwekea mbali. Nimeiona ishara hiyo ikifanya kazi kwenye mashamba ya Wakurya na kwenye vichochoro vya Kariakoo. Mbwa wanaielewa kwa sababu wamefundishwa kwa mawe ya kweli tangu wakiwa wadogo, na kwa wengi wao hayo ndiyo mafunzo pekee waliyowahi kupewa na mtu asiye wa nyumba yao.

Ukiwa na mbwa wako mkononi, ishara hiyo inapungua nguvu. Wale watatu wanaochomoka getini hawakufuati wewe, wanamfuata mbwa mwenzao aliyepita kwenye mpaka wao. Bobi yuko kwenye kamba, hawezi kukimbia wala kuwazunguka kwa adabu ya mbwa, ile ya kunusana kwa ubavu kabla ya kutazamana. Hapo natazama mikia. Anayebweka huku akirukaruka analinda geti lake, na mara nyingi haendi mbali nalo. Wa kuogopa ni yule anayekuja kimya, mkia umesimama, shingo imenyooka, macho hayaondoki kwa Bobi. Nafupisha kamba bila kuivuta, maana kamba ikikazwa Bobi naye anakaza mwili na vita vinaanza. Najiweka katikati, naiteremsha fimbo mbele yangu mpaka iguse ardhi, nasimama. Simbebi Bobi, kwa sababu aliyebeba mbwa hurukiwa mwilini. Sikimbii. Wakishasimama, tunarudi kinyumenyume pole pole mpaka tutoke kwenye eneo wanaloliona kuwa lao.

Ndipo mlinzi anapotokeza kichwa getini na kusema yale maneno ambayo kila mtembezaji mbwa anayajua: "Usiogope mzee, hawang'ati hao."

Wazee niliofanya kazi nao Mara walinieleza kwamba zamani hapakuwa na nafasi ya maneno hayo. Mbwa wa kijiji hakufungwa, lakini hakuna aliyeuliza ni wa nani. Waikoma walikwenda naye porini kuwinda. Katika maboma ya Wamaasai na Waarusha alilala karibu na zizi, akatoa taarifa ya fisi na chui kabla mtu hajasikia kitu. Mbwa akiuma mbuzi wa jirani, mwenyewe aliitwa kwa wazee siku hiyohiyo na hakuwa na la kukana. Uhuru wa mbwa ulitembea pamoja na jina la mwenyewe.

Pwani kulikuwa na mpaka wa aina nyingine. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda. Vijijini Unguja walikuwapo wasasi waliowafukuza nguruwe mwitu mashambani kwa mbwa na nyavu, na walifuga mbwa wao kwa masharti: ana kazi yake, ana mahali pake nje ya nyumba, na watu wanajua msasi wake ni nani. Watu wengi humlaumu Mswahili kwa kumchukia mbwa. Mimi naona kwamba sharti la kazi na mahali lilimpa mbwa yule nafasi iliyo wazi zaidi kuliko aliyonayo mbwa wa mjini leo.

Mji ulivunja mpango huo. Ukuta ulipanda, jirani akawa mtu wa kupungiwa mkono kwenye gari, na mbwa akawa kifaa cha ulinzi kinachonunuliwa pamoja na taa za nje na nyaya za juu ya ukuta. Getini likabandikwa bango la "Mbwa Kali". Mbwa mwenyewe anamjua mlinzi anayemlisha kuliko anavyomjua mwenye nyumba, na mlinzi hubadilishwa mara kwa mara. Akitoka nje na kuuma, mlinzi anasema si wake, mwenye nyumba anasema alikuwa safarini.

Sheria haikumsahau mbwa huyo, ila ilikuja kwetu na udhaifu wake. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, amri ya mwaka 1920 iliingiza nchini sheria ya Kiingereza inayojengwa na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kenya tarehe yake ilikuwa 12 Agosti 1897. Ndani ya mzigo huo mlikuwamo kanuni ya kale kuhusu wanyama wa kufugwa: aliyeng'atwa anayetaka fidia alipaswa kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua mbwa wake ni mkali. Mbwa ambaye hajawahi kumvamia mtu alimpa mwenyewe mahali pa kujificha. Huko kwao Waingereza walianza kuipunguza kanuni hiyo. Sheria yao ya Mbwa ya mwaka 1906 haikumtaka mfugaji athibitishe ujuzi wowote pale mbwa wa mtu alipomwulia ng'ombe au kondoo, na mwaka 1971 wakaipanga upya sheria ya fidia kwa madhara ya wanyama.

Tafakari basi kuhusu lile bango la getini. Wengi wanadhani linawakinga: nimekuonya, ukiumwa shauri yako. Kwa hoja ile ya majaji wa zamani, bango hilo linaweza kusomwa kinyume kabisa, kuwa ni ushahidi wa mwenye nyumba mwenyewe kwamba alijua anafuga nini. Na linawaonya wanaotaka kuingia. Halina neno kwa anayepita barabarani na mambo yake.

Upande wa jinai tuna wazo lililosafiri kupitia India. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, katika kifungu cha 289, ilimwadhibu mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Sheria hiyo ya India ilitumika Afrika Mashariki hadi tulipopata kanuni zetu za adhabu mwaka 1930, na wazo lilelile limo hadi leo katika kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16. Kwa hiyo jirani anayeacha mbwa mkali atoke kila asubuhi hatendi jambo dogo la kuvumiliana tu. Sheria ya nchi inamgusa.

Lakini sheria iliyoko kitabuni haikuwahi kumfunga mbwa. Ili kuona kilichomfunga, lazima twende London.

Mbwa wa kuzurura walikuwa kero kubwa London katika karne ya 19, na kichaa cha mbwa kilikuwa tishio la kila kiangazi. Mwaka 1860 mwanamke aitwaye Mary Tealby alifungua katika mtaa wa Holloway nyumba ya kupokea mbwa waliopotea, na mwaka 1871 nyumba hiyo ikahamia Battersea, iliko hadi leo. Sheria ya mwaka 1867 iliwapa polisi wa London uwezo wa kumkamata mbwa aliyekutwa barabarani bila mtu wa kumwongoza. Mwaka 1878 leseni ya mbwa ikapandishwa kuwa shilingi 7 na peni 6, na ikabaki kiwango hicho hadi ilipofutwa mwaka 1987. Fedha ilikuwa ndogo. Kilichokuwa kikubwa ni kwamba karatasi ilimtaja mtu.

Hatua kali ilifuata mwaka 1897. Waziri wa kilimo wa wakati huo, Walter Long, alitoa amri kwamba katika wilaya zenye ugonjwa kila mbwa anayetoka nje avae kifunga kinywa, yaani kile kitu cha waya kinachofunika pua na meno, na mbwa wanaotoka ng'ambo wawekwe karantini. Watu walimshambulia kwelikweli. Chama cha kutetea mbwa kilichoanzishwa mwaka 1891 kilipinga, na wenye mbwa wa mjini walilalamika kwamba mbwa wa msako wa matajiri waliachwa wazi wanapowinda huku mbwa wa fundi na wa mjane wakifungwa. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake. Hata hivyo amri ilisimamiwa, na kufikia mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha Uingereza. Kikarudi mwaka 1918, kililetwa na mbwa waliopitishwa kwa siri na askari waliotoka vitani Ufaransa, na kikaondolewa tena mwaka 1922.

Zingatia jambo hili: chanjo ya Louis Pasteur, ile aliyompa mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885, ilikuwa ya kumwokoa binadamu aliyekwisha kung'atwa. Haikuwa ya mbwa. Uingereza ilishinda kwa kamba, leseni, kifunga kinywa na karantini, yaani kwa kumbana mwenye mbwa. Aliyemtembeza mbwa wake barabarani mwaka 1902 alikuwa na hakika kwamba mbwa wa jirani anayemjia ana mtu aliyeandikwa mahali.

Waingereza haohao, walipokuwa watawala wa watu wengine, walitumia njia nyingine. Bombay, nchini India, mwaka 1832, serikali ya kikoloni iliongeza muda wa msimu wa kuua mbwa wa mitaani, na wauaji walilipwa kwa kila mbwa. Penye malipo ya namna hiyo, mbwa rahisi kumkamata ni yule aliyelala mlangoni kwa bwana wake, na watu walilalamika kwamba mbwa wao walikuwa wakichukuliwa hata majumbani. Tarehe 6 Juni Waparsi, ambao dini yao inamheshimu mbwa, waliingia barabarani, na kesho yake biashara ya mji ikasimama. Ghasia zile zilikuwa za watu waliokuwa wakisema: huyu ana mwenyewe.

Sisi tuliirithi njia ya Bombay zaidi kuliko ya London. Kenya ilithibitisha kichaa cha mbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, na tangu hapo, nchi zetu zote zilipopatwa na mlipuko, jibu lililokuwa karibu lilikuwa bunduki na sumu. Nimeziona kampeni hizo kwa macho yangu. Mbwa walio rahisi kuuawa ni wale waliozoea watu, na wengi wao ndio waliochanjwa. Wanaobaki ni wenye woga, wanaojificha vichakani. Na mwenye nyumba aliyeuliwa mbwa anatafuta mwingine kabla mwezi haujaisha, mara nyingi mtoto wa mbwa kutoka kijiji cha pili, asiye na kinga yoyote. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipopatwa na ugonjwa huo mwaka 1997, waliua karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa, na ugonjwa haukuondoka.

Kile kilichofanya kazi kwetu nilikiona Mugumu, wilayani Serengeti.

Serengeti ilikuwa imeshapata misiba miwili. Mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa hifadhini yalitoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha kuthibitishwa miongoni mwao. Mwaka 1994 homa ya mbwa, ile inayoitwa distempa, iliua karibu simba 1,000, yaani theluthi moja ya simba wote wa Serengeti na Mara, na virusi vilivyopatikana vilifanana na vya mbwa wa kufugwa. Kwa hiyo watafiti waliotaka kuokoa wanyama wa hifadhi waligeuza macho vijijini, kwa mbwa wa watu. Kampeni ya chanjo ilianza katika Wilaya ya Serengeti mwaka 1996.

Siku ya chanjo ilitangazwa shuleni, kwa maana waleta mbwa wakubwa ni watoto. Asubuhi tunatandika meza chini ya mti, karibu na josho au uwanja wa shule, kasha la barafu kivulini. Kisha wanaanza kuja. Mbwa amefungwa kwa kamba ya katani, mwingine kwa mpira wa ndani wa baiskeli, mwingine kwa kipande cha kitenge cha mama, watoto wa mbwa wamo ndani ya kiroba na vichwa vimechomoza. Wengi wa mbwa hao hawajawahi kuvaa kamba shingoni tangu wazaliwe. Mmoja anajilaza chini kama amekufa na mtoto anamburuta mpaka mezani. Mwingine anarudi nyuma kwa nguvu, kamba inapita masikioni, anatoweka mahindini na kijiji kizima kinamkimbilia. Tulijifunza kuwapanga kwa nafasi, mbwa na mbwa wasifikiane, na wakali tuliwafuata pembeni na bwana wao mwenyewe akiwashika kichwa kati ya magoti.

Kabla ya sindano kulikuwa na swali la kujaza kadi: "Mbwa huyu ni wa nani?" Mtoto anajibu: "Wa baba." "Baba yako nani?" Naandika jina la mkuu wa kaya, jina la mbwa, rangi, jike au dume, umri. Wakati mwingine jibu lilikuwa, "Wa hapahapa tu," na kimya kinapita. Halafu sauti ya mama mmoja inatoka nyuma ya mstari: "Andika langu. Analala kwangu." Sindano inaingia chini ya ngozi ya shingo, mbwa anavalishwa mkanda wa plastiki, na yule mama anaikunja kadi na kuifunga kwenye pindo la khanga. Mbwa aliyekuja hana mtu anaondoka ana jina la mtu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa cha mbwa wilayani Serengeti kilishuka kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Watu walioletwa hospitali wakiwa wameng'atwa na mbwa wa kutiliwa shaka walipungua pia, wakati katika wilaya jirani isiyochanjwa hali haikubadilika hivyo. Hakuna aliyeua mbwa. Lengo lilikuwa kufikia mbwa wapatao 70 katika kila 100, kwa sababu kiwango hicho kinatosha kuukatia ugonjwa njia hata watoto wa mbwa wanapozaliwa na wazee kufa.

Pemba nako, kisiwa ambacho watu wengi wangedhani hakuna atakayemgusa mbwa, chanjo ya mfululizo iliyoanza mwaka 2010 iliuondoa ugonjwa. Ulipoingizwa tena mwaka 2016, chanjo ya kisiwa kizima ikarejeshwa, ukaondolewa kwa mara ya pili.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulifanyika Iringa mjini na kuchapishwa mwaka 2012. Waliwahesabu mbwa wa mitaani, wale tunaowaita wasio na mwenyewe, na wakakuta kwamba wasio na mwenyewe kwelikweli ni karibu asilimia 1 tu. Waliobaki wote wana nyumba. Wanazurura mchana, lakini kuna mlango wanaourudia jioni na sufuria wanalolamba. Mbwa tunaowalalamikia mijini ni mbwa wa mtu fulani, anayekaa na sisi, tunayesali naye na kupanda naye daladala.

Ndiyo maana siku mbwa wa jirani walipomng'ata Bobi sikio, sikwenda kumlaumu mlinzi. Nilimsafisha kidonda, jioni nikagonga geti. Alitoka mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Nimesikia mbwa walikusumbua asubuhi."

"Marahaba mwanangu. Walimng'ata Bobi. Sijaja kugombana. Nimekuja kuuliza kama wamechanjwa."

Alinyamaza kidogo. "Kwa kweli sijui. Baba Upendo ndiye aliyewaleta wakiwa wadogo."

"Basi Jumamosi nitakuja na daktari wa mifugo, tuwachanje wote watatu. Kadi zitakuwa na jina lako."

"La kwangu?"

"Wanalala kwako."

Walichanjwa. Nilimwonyesha pia dawa ya geti: wavu wa pili kwa ndani, hatua chache kutoka geti kubwa, wenye kilango chake, ili gari likitoka mbwa wabaki nyuma ya wavu. Fundi wa kuchomelea aliumaliza kwa siku moja. Mbwa wale bado wanabweka tukipita, na hiyo ni kazi yao halali.

Kwa anayetembea na mbwa, au bila mbwa, nasema hili kama mtu aliyewaona waliochelewa. Ukiumwa au hata ukikwaruzwa na jino, osha kidonda hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kuzipunguza, kisha nenda hospitali ukaanze chanjo, hata kama jirani anaapa mbwa wake ni mzima. Virusi husafiri pole pole kwenye mishipa ya fahamu, na muda huo ndio nafasi pekee ya kuokolewa. Dalili zikishaonekana, hakuna dawa. Makadirio ya kimataifa yanataja vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka duniani, karibu vyote vikitokana na mbwa, na karibu wote wanaokufa ni wa Afrika na Asia, wakiwamo watoto wengi. Ni watoto walewale wanaonisalimia njiani.

Mtaa wetu una kila kitu kilichohitajika London na Mugumu. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Mtaa una mwenyekiti, una mjumbe anayeijua kila nyumba, na una daftari la wakazi. Naomba liongezwe daftari la mbwa: nyumba, mwenyewe, tarehe ya chanjo. Kila mbwa avae mkanda wenye namba ya simu, na kila geti lenye mbwa liwe na wavu wa ndani. Siku ya chanjo iwe tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyowekwa siku aliyofariki Pasteur. Nimeshamwandikia mwenyekiti wetu barua yenye mapendekezo hayo, nitasimama kuyatetea kwenye mkutano wa mtaa, na kwenye daftari hilo jina la kwanza kuandikwa litakuwa langu.